Mrejesho: Mashine ya sukari ya mama haikuwa mbovu

Wakubwa shikamooni. Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini mashine ya mama ya kupimia sukari kwenye damu, huku Tukuyu, ilisoma 16.8 (mmol/L) asubuhi, akarudia baada ya dakika chache ikasoma 8.1. Nilikuwa tayari kununua nyingine.

Dada mmoja akaniuliza, "Anapima akitoka kufanya nini?" Jibu lilikuwa hapo. Mama huwamenyea wajukuu ndizi mbivu, anafuta vidole kwenye kanga, kisha anajitoboa. Sukari ya tunda iliyobaki kwenye ngozi inachanganyika na tone la damu, mashine inasoma vyote. Sasa ananawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anajikausha, anatoboa pembeni mwa ncha ya kidole bila kukikamua kwa nguvu. Kwa baridi ya huku, uvuguvugu huo unasaidia mno. Damu inakuja yenyewe.

Halafu vijiti vya kupimia: kopo lilikaa wazi jikoni, karibu na mvuke wa sufuria, na unyevu unaviharibu. Tumenunua vipya, kopo linafungwa papo hapo.

Siku kumi sasa, kabla ya kula, anapata kati ya 6.2 na 7.9. Kliniki walipima 7.4, yake ikasoma 7.0, muuguzi akasema tofauti hiyo ni ya kawaida. Daktari hakuongeza dozi ya dawa yake ya sukari. Angeiongeza kwa ile 16.8, sukari ingeweza kushuka usiku, na mama analala peke yake.

Dada uliyeuliza, Mungu akubariki sana.