Shiti ya kontua iliyoskaniwa: GPS ya mkononi au simu?

Njia_Panda: Wakuu habari zenu. Nina shiti moja ya ramani ya kontua (mistari ya kimo), nimeshaiskani. Wiki ijayo naenda nayo mlimani. Niiweke kwenye GPS ya mkononi au simu inatosha?

Kontua20: Mkuu, umeacha ya muhimu. Skeli? Dpi (nukta kwa inchi) ngapi? GPS gani? Na datumu, yaani mfumo wa rejea wa namba za ramani, iliyoandikwa pembezoni ni ipi?

Njia_Panda: Samahani. 1:50,000, dpi 300, karatasi sentimita 50 kwa 50. GPS ni Garmin. Datumu sijaangalia.

Kontua20: Dpi 300 inafaa. Kila pikseli ni kama mita 4.2 ardhini, ukiskani kwa 600 faili linakua mara nne na hupati cha maana, maana GPS yenyewe hukosea mita kadhaa. Garmin inataka KMZ (faili la picha lenye mahali pake duniani), picha ikatwe vigae, kigae kisizidi pikseli 1024 kwa 1024, na modeli nyingi zinaishia vigae 100. Shiti yako itakula 36, kwa hiyo shiti mbili zinaingia, ya tatu haiingii. Hifadhi JPEG ya kawaida. Ya progresivu (inayofunguka kwa hatua) haitaonekana.

Simu_Tosha: Ndiyo maana nasema simu. Fungua QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), pigia alama makutano ya gridi na uyape namba zake, toa MBTiles (faili moja la vigae vyote), weka kwenye app ya Locus Map au OruxMaps. Habari ya vigae 100 unaisahau, na bonde zima unaliona kwa mara moja.

Dira_Kwanza: Kabla ya kifaa, datumu! Hapo ndipo watu wanapotea. Chukua Arc 1960, datumu ya ramani za zamani za Afrika Mashariki: ukiingiza namba za pembezoni kana kwamba ni WGS84, datumu ya GPS, ramani nzima inahama kama mita 300 kaskazini-kusini. Kwenye karatasi ni milimita 6 tu. Mezani huoni kitu, kwa sababu pointi zote zimehama pamoja na QGIS inakuonesha kosa dogo kabisa. Huko mlimani mshale wa mahali ulipo unakaa ng'ambo ya korongo, mtu analaumu setilaiti. Kabla ya safari simama kwenye daraja au njia panda iliyomo kwenye ramani, tazama mshale umeangukia wapi.

Pointi za kupigia alama nazo: 3 zinatosha kihesabu, ila kosa halitajionesha. Weka 9 hadi 12, zifike pembeni, na kila penye mkunjo weka pande zote mbili, karatasi huvutika pale.

Vekta_Daima: Kwa nini mateso yote haya? Ramani ya vekta, iliyochorwa kwa mistari badala ya picha, ni nyepesi na maandishi hayafifii ukikuza. Skani ukiipunguza kwenye skrini, kontua zinakuwa doa la kahawia.

Kontua20: Kontua za vekta nyingi zimetoka SRTM (vipimo vya kimo vya rada kutoka angani), kimo kimoja kila mita 30 hivi. Genge la mita 15 linalainishwa likawa mteremko wa kawaida. Kwenye shiti limechorwa na alama yake.

Vekta_Daima: Na barabara iliyojengwa baada ya shiti kuchapwa?

Njia_Panda: Wakuu, pembezoni niliziacha nje wakati wa kuskani. Datumu haipo.

Dira_Kwanza: Rudia skani, karatasi nzima na pembezoni zake. Usikisie.

Simu_Tosha: Na ukichagua simu, zima mtandao, iweke mfuko wa ndani. Baridi inaua betri.

Kontua20: GPS yenye betri za AA unabadilisha tu, mkuu. Za lithiamu zinavumilia baridi kuliko alkalini.

Simu_Tosha: Pawabanki je?