Kinga za masikio za kielektroniki kwa mazoezi ya shabaha: tununue zipi kwa askari wa vijiji Liwale?

Mkufunzi wa Liwale

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mkufunzi wa askari wa wanyamapori wa vijiji katika wilaya ya Liwale, mkoani Lindi, na ninaomba ushauri kabla sijatumia fedha ambazo si zangu. Kila mwaka tunafanya mazoezi ya shabaha kwa siku tatu ndani ya shimo la zamani la kokoto, kwa sababu askari hawa ndio wanaoamshwa usiku tembo wanapoingia mashambani, na mtu asiyeizoea bunduki yake huwa hatari kwa wenzake. Nina askari 14, shotgani kadhaa na raifo mbili kubwa za .375 (namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa inchi).

Mpaka sasa tumekuwa tukitumia vizibo vya sponji vinavyoingizwa sikioni. Mwaka jana, siku ya pili, nilitoa amri ya kuacha kupiga baada ya kuona kijana mmoja ameanza kutembea kuelekea kwenye vibao akidhani zamu imekwisha. Wote walisikia isipokuwa askari wa mwisho upande wa kulia, ambaye alikuwa ameviingiza vizibo vyake sawasawa kama nilivyomfundisha, naye akafyatua. Risasi ilikwenda kwenye kibao chake na hakuna aliyeumia. Hata hivyo sijaweza kuisahau siku ile, maana aliyefuata maelekezo yangu kikamilifu kuliko wote ndiye aliyekaribia kumuua mwenzake.

Nimesikia kwamba kuna vifuniko vya kielektroniki vinavyomwezesha mtu kusikia mazungumzo huku vikizuia mlio wa bunduki. Serikali ya kijiji imetenga fedha baada ya mauzo ya korosho, nazo zinatosha vifuniko vinne hivi vya kampuni zinazofahamika, au vya bei ya chini kabisa kwa askari wote 14. Ninaomba mnisaidie kuchagua kati ya njia hizo mbili, na mnieleze kama kweli chombo chenye spika ndani yake kinaweza kulinda sikio. Mimi mwenyewe nina miaka 51, na sikio langu la kushoto huvuma usiku kucha kama nyenje, kwa hiyo siulizi kwa udadisi tu.

Usalama Kazini, Mtwara

Pole kwa tukio hilo, mwalimu, na hongera kwa kulieleza bila kuficha. Nimefanya kazi ya usalama katika mitambo ya gesi huku Mtwara kwa miaka mingi, ambako kinga ya masikio ni sehemu ya sare, kwa hiyo nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi.

Umeme hauongezi ulinzi wowote. Kinacholinda sikio ni kikombe kigumu, sponji iliyo ndani yake, na mto laini unaokizunguka na kugandamana na ngozi bila kuacha upenyo. Maikrofoni zilizo nje huchukua sauti ndogo, kama vile amri yako au nyayo za mtu, na kuzipeleka kwenye spika za ndani, lakini sauti inapozidi kiwango fulani, ambacho kwa vifaa vingi ni kama desibeli 82 hadi 85, kifaa huacha kuikuza au huipunguza papo hapo. Betri ikiisha katikati ya mazoezi, unabaki na vifuniko vya kawaida, na ulinzi ni uleule. Basi unapochagua, tazama kwanza namba ya ulinzi iliyoandikwa kwenye boksi, yaani desibeli ambazo kifaa hupunguza, ndipo uulize kuhusu umeme.

Namba hiyo huitwa NRR kwa vifaa vya soko la Marekani na SNR kwa vile vya Ulaya, na mbili hizo hazilinganishwi moja kwa moja, kwa maana kifaa kilekile huweza kuandikwa NRR 22 upande mmoja na SNR 25 upande wa pili. Zaidi ya hapo, namba hupimwa maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya za wafanyakazi, ilishauri mwaka 1998 kupunguza robo ya NRR kwa vifuniko na nusu kwa vizibo vya sponji. Chukua mlio wa desibeli 160, ambao bunduki kubwa huufikia bila shida. Kifuniko cha NRR 22 ukikipunguza robo unabakiwa na 16.5, kwa hiyo sikio linapokea 143.5, wakati mpaka unaotajwa kwa mlio wa ghafla kwa mtu mzima ni 140. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu namba hizi zilitungwa kwa ajili ya kelele za mfululizo za viwandani, lakini inatosha kuonyesha kwamba kifuniko peke yake mbele ya .375 hakitoshi.

Dawa yake ni kuvaa vyote viwili, kizibo ndani na kifuniko juu. Usizijumlishe namba, kwani cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi, na mifupa ya kichwa nayo hupitisha sauti. Kwa mfano wetu utashuka hadi kama 138.5, yaani chini kidogo tu ya mpaka. Hapa ndipo umeme unapopata kazi yake ya kweli: mtu aliyevaa kizibo chini ya kifuniko cha kielektroniki huongeza sauti ya spika, akasikia amri kupitia kizibo, na bado amelindwa mara mbili.

Mwindaji Mstaafu

Nimeongoza wageni wa uwindaji katika vitalu vya Selous tangu enzi ambazo tulijaza pamba masikioni, na leo wajukuu wangu wananisemesha kwa kupaza sauti. Ninachotaka kuongeza ni jambo ambalo boksi halitakuambia, nalo ni kitako cha bunduki.

Mtu anapoweka shavu kwenye kitako cha raifo au shotgani, kikombe kinene cha upande ule hugusana na kitako na kusukumwa juu, na ule mto laini huachia ngozi kwa chini katika sekunde ileile ya kufyatua. Mwenyewe hatambui. Kwa hiyo kikombe chenye namba kubwa lakini kinene kinaweza kumlinda mtu wa raifo vibaya kuliko kikombe chembamba chenye namba ndogo. Mtindo wa kifuniko uitwao Howard Leight Impact Sport, ambao ni NRR 22, umechongwa chini kwa ajili hiyo, na wengi huanza nao kwa sababu bei yake si kubwa sana, kabla ya usafiri na kodi. Walker's Razor nao ni mwembamba. Peltor Sport Tactical 500 una NRR 26 na sauti yake ni safi zaidi, ila ni mnene kidogo na bei yake ni kubwa zaidi. Sordin Supreme Pro-X ndio niliowaona nao wageni wenye uwezo; mvua haiusumbui, lakini kwa bei yake kijiji kitapata mmoja tu.

Ushauri wangu ni ununue viwili vizuri, kimoja chako na kimoja cha msaidizi wako, na vijana waendelee na vizibo. Anayepaswa kusikia kila kitu ni msimamizi.

Tabibu wa Lindi

Shikamoo mzee Mwindaji. Kwa heshima zote, katika hilo la mwisho sikubaliani nawe. Katika kisa alichosimulia mleta mada, msimamizi alisikia na kuona kila kitu. Asiyesikia ni mpigaji. Ukimpa mkufunzi peke yake kifaa cha kusikia, tatizo la mwaka jana litabaki palepale.

Mwalimu, nikurudie wewe. Kuvuma kwa sikio la kushoto kunaendana na kazi yako. Mtu anayepiga raifo kwa bega la kulia huligeuza sikio la kushoto kuelekea mtutu, ilhali la kulia hukingwa kidogo na kivuli cha kichwa. Seli ndogo zenye vinyweleo zilizo ndani ya sikio zikishakufa hazichipui tena kwa binadamu, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Ninakusihi ufanyiwe kipimo cha usikivu utakapofika Dar es Salaam. Muhimbili wanacho kitengo cha masikio, pua na koo.

Usikivu unaoharibiwa na kelele huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000. Vizibo na vifuniko navyo huzuia sauti nyembamba zaidi kuliko nzito. Sasa ifikirie filimbi, ambayo wakufunzi wengi huitegemea: sauti yake nyembamba iko karibu na eneo hilohilo, kwa hiyo askari mwenye masikio yaliyochoka aliyevaa kizibo anaweza asiisikie kabisa. Tafadhali usiifanye filimbi kuwa amri yako pekee ya kusimamisha. Weka bendera nyekundu inayoonekana na wote, na kila mpigaji awe na mwenzake nyuma anayemgusa bega kwa ishara mliyokubaliana.

Vilevile vizibo vya sponji visiazimwe, kwa maana ninaona masikio mengi yanayotoa usaha. Kila mmoja awe na vyake, avisokote viwe vyembamba kwa mikono safi, avute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, aingize, kisha ashikilie kwa kidole nusu dakika hadi sponji ijae.

Mkufunzi wa Liwale

Ninawashukuru sana, na nimeisoma hoja ya filimbi mara tatu, kwa sababu mwaka jana nilipiga filimbi. Sasa nafikiria hivi: ninunue vifuniko vinne vyembamba vya NRR 22, vya kuvaliwa juu ya vizibo, kisha nipunguze wapigaji kwenye mstari wawe watatu kwa zamu, nami nivae cha nne. Watakaosubiri wakae mbali nyuma wakiwa na vizibo. Mazoezi yatachukua siku moja zaidi, lakini kila mwenye kidole kwenye kifyatulio atanisikia. Je, vile vya bei ya chini nivisahau kabisa? Na vipi kuhusu jasho, maana shimoni kwetu joto ni kali?

Usalama Kazini, Mtwara

Huo ni mpango bora kuliko yote tuliyokupa. Vya bei ya chini si vibaya kwa sababu ya bei. Tatizo ni vile visivyo na NRR wala SNR, wala alama ya kiwango cha Ulaya EN 352, kwa kuwa hujui unavaa nini. Muuzaji akishindwa kukuonyesha namba hizo kwenye boksi, acha hapohapo.

Wapigaji watatu wasisimame karibu karibu, kwa maana mlio wa jirani nao unahesabiwa. Kuta za shimo hurudisha mlio, kwa hiyo sogezeni mstari kuelekea sehemu iliyo wazi kadiri usalama wa risasi unavyoruhusu, na msijenge kibanda cha bati juu ya wapigaji. Kama raifo mojawapo ina kifaa cha kupunguza teke mwishoni mwa mtutu, kiondoeni kama kinatoka, kwani kifaa hicho huurudisha mlio upande wa wapigaji.

Fundi wa Mikindani

Nitajibu la jasho, kwa sababu ninatengeneza redio za mawasiliano na huku pwani kutu ndiyo hutuletea kazi nyingi. Vifuniko hivi hutumia betri ndogo mbili za AAA. Mazoezi yakiisha zitoeni, msiziache ndani hadi mwaka unaofuata, maana zitavuja na kula vichwa vya shaba. Futeni mito kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, visianikwe juani, na vihifadhiwe kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mto ukipasuka au ukiwa mgumu, badilisheni. Impact Sport huuziwa mito ya akiba, na ipo ya jeli ambayo hukaa vizuri zaidi juu ya miguu ya miwani.

Tabibu wa Lindi

Umenikumbusha, fundi. Mwalimu, kama una askari wa kike wanaovaa hijabu, au vijana wanaovaa kofia za sufu, kitambaa kisipite chini ya mto. Hijabu ivaliwe juu ya kifuniko, na kila mmoja apitishe kidole kuzunguka mto kabla ya kukabidhiwa risasi za kupiga.

Mkufunzi wa Liwale

Ninao wawili wanaovaa hijabu. Nitawaomba wajaribu nyumbani kwanza, kwa utulivu, kabla ya siku ya mazoezi. Vifuniko vinne nitaviagiza wiki hii, na bendera inashonwa na fundi wa hapa sokoni kuanzia kesho.