Tupeane uzoefu: kibali cha kusoma Kanada na jalada linalomridhisha afisa

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, nafungua mada hii kwa ajili ya vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Kanada pamoja na wazazi wanaowagharimia. Kila msimu wa udahili naona familia zikilipa dola 150 za Kanada kwa maombi ya kibali na dola 85 kwa alama za vidole, bado uchunguzi wa afya, kisha zinapokea barua ya kukataliwa ambayo hakuna nyumbani anayeielewa. Jambo hilo linaniumiza, kwa sababu mara nyingi kijana husika ana sifa zote na chuo kimeshampokea.

Nionavyo mimi, barua ya udahili ndiyo sehemu nyepesi. Afisa anayeamua kwa kawaida hakuiti wala hakuhoji. Anasoma jalada lako tu, na jalada lisipomweleza fedha zimetoka wapi na kwa nini unataka kozi hiyo kwa wakati huu, hana sababu ya kukupa kibali. Kiwango cha fedha za kujikimu nacho kimepanda sana. Kilikuwa dola 10,000 kwa miaka mingi, kikawa 20,635 Januari 2024, na kwa wanaoomba tangu Septemba 1, 2025 ni dola 22,895 kwa mtu mmoja nje ya Quebec, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Naomba aliyepitia njia hii aeleze kile alichokifanya yeye mwenyewe au familia yake, ili wanaofuata wajue pa kushika.

Mzazi, Morogoro

Nashukuru kwa mada hii. Binti yangu alipata nafasi ya shahada ya kwanza katika jimbo la Manitoba. Mimi ni mfanyabiashara wa mazao, na fedha zangu hazilali benki. Zinazunguka kati ya ghala, wakulima na simu ya mkononi. Ili tufikie kiwango kinachotakiwa tuliuza kiwanja, na malipo yakaingia kwenye akaunti kwa mkupuo. Mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa mshauri alisema tupeleke barua ya salio tu na tusijisumbue na mengine. Hatukukubali, kwa kuwa miongoni mwa nyaraka zinazoombwa ni taarifa za benki za miezi minne, na yeyote atakayezisoma ataona akaunti iliyokuwa na fedha za kawaida ikijaa ghafla siku moja.

Kwa hiyo tuliueleza mkupuo ule. Tuliambatisha mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono, wenye sahihi za mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa, na kwa kuwa ulikuwa wa Kiswahili tukaufanyia tafsiri ya Kiingereza pamoja na kiapo cha mfasiri, kwani nyaraka zinapokelewa kwa Kiingereza au Kifaransa. Tukaongeza leseni ya biashara, makadirio ya kodi kutoka TRA na taarifa ya miamala ya simu. Pembeni ya kila kiasi kikubwa kwenye taarifa ya benki binti yangu aliweka namba ndogo kwa kalamu nyekundu, na namba hiyo hiyo ikaandikwa juu ya kiambatisho kinachoeleza fedha hizo zilivyopatikana. Mwisho niliandika barua ya udhamini kwa jina langu, ikaambatana na cheti chake cha kuzaliwa. Kibali kilitoka. Nawasihi wazazi wenzangu wenye biashara za aina yangu wasiogope kueleza maisha yao jinsi yalivyo, maana fedha halali zina ushahidi wake, hata kama ushahidi huo ni daftari la ghala.

Mwanachama, Mombasa

Mimi ni muuguzi, na niliomba kusomea shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Barua ya kukataliwa ilitaja kifungu cha 216(1) cha kanuni zao za uhamiaji, kwamba afisa hakuridhika kuwa nitaondoka Kanada masomo yakiisha. Sentensi hiyo hupewa watu wengi na peke yake haikuambii lolote la kurekebisha. Wakati huo maelezo ya afisa yalipaswa kuombwa kwa sheria yao ya kupata taarifa, kwa kumtumia mtu aliye Kanada. Ndugu yangu aliniombea. Tangu Julai 2025 maelezo hayo yameanza kuambatishwa kwenye barua za kukataliwa maombi ya kibali cha kusoma, na hiyo ni nafuu kubwa.

Kwangu afisa aliandika kwamba masomo kama hayo yanapatikana nchini kwangu kwa gharama ndogo. Nilipoomba upya nililijibu hilo moja kwa moja: nililinganisha masomo ya vyuo viwili vya Kenya na yale niliyoyachagua, nikaonyesha somo la ufuatiliaji wa magonjwa ambalo kazi yangu inalihitaji, na mwajiri wangu akaandika barua ya likizo ya masomo inayotaja cheo nitakachorudia. Kwa walio na kazi, barua ya mwajiri wenu ina uzito kuliko kurasa nyingi za kujieleza.

Mwanachama, Mwanza

Angalieni majina. Vyeti vya kidato cha nne vilikuwa na majina yangu mawili, pasipoti ikawa na matatu pamoja na la babu. Niliapa kwa wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, nikakiweka kiapo hicho mwanzoni mwa jalada, na sikuulizwa tena.

Mwanachama, Bukavu

Kwa wanaokwenda Quebec, kama sisi tuliosoma kwa Kifaransa, kuna hatua ya kwanza isiyoepukika: cheti cha jimbo cha kukubaliwa kusoma, kiitwacho CAQ, ambacho huombwa kwa serikali ya Quebec kabla ya kuomba kibali kwa serikali kuu. Jimbo hilo lina kiwango chake cha fedha za kujikimu, hivyo msitumie takwimu za majimbo mengine. Majimbo mengine yana barua ya uthibitisho ya jimbo, iliyoanza Januari 2024 serikali ilipoweka ukomo wa idadi ya wanafunzi. Tangu Januari 1, 2026 wanaokwenda uzamili au uzamivu katika vyuo vya umma hawaihitaji.

Mwanafunzi, Halifax

Naongezea kuhusu siku ya kufika, kwa kuwa wengi hudhani ile viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ndiyo kibali. Kibali ni karatasi unayochapishiwa na afisa wa mpakani baada ya kuona barua ya utambulisho uliyotumiwa. Isome pale pale dirishani. Hakikisha jina ni sahihi, tarehe ya mwisho haikukatwa kwa sababu pasipoti yako inakaribia kuisha, na ipo sentensi inayoruhusu kufanya kazi. Ukikuta kasoro, omba irekebishwe kabla hujaondoka. Kazi nje ya chuo ni hadi saa 24 kwa wiki muhula ukiendelea, na tangu Novemba 2024 anayehama chuo anapaswa kuomba kibali kipya.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Aliyeniuliza faraghani kuhusu mawakala: anayelipwa kukuwakilisha lazima awe mwanasheria aliyesajiliwa kule au mwanachama wa chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji, CICC, ambacho orodha yake iko wazi kwenye mtandao. Barua za udahili huhakikiwa na chuo chenyewe tangu Desemba 2023, na nyaraka ya kughushi humfungia mwombaji miaka mitano, hata kama aliyeighushi ni wakala.

Na dada wa Arusha aliyeuliza kuhusu mume wake: tangu Januari 2025 mwenza wa mwanafunzi hupata kibali cha wazi cha kazi, yaani kisichomfunga kwa mwajiri mmoja, ikiwa mwanafunzi anasoma uzamivu, uzamili wa miezi 16 au zaidi, au baadhi ya kozi za taaluma. Uzamili wako ni wa miaka miwili, kwa hiyo mnaweza kuomba pamoja. Andaeni cheti cha ndoa na fedha za kuwatosha nyote wawili.