Mrejesho: ndege ya kujiundia, maboya baadaye

Wakuu, salaam. Niliuliza: ndege ninayojiundia hapa Malindi niiandae sasa kwa maboya yenye magurudumu (vielezo vya kufungwa chini ya ndege ili itue majini na nchi kavu), au ningoje hela ya maboya? Wengi mlisema sasa, kabla bodi ya ndege haijafungwa. Nimefuata. Vishikio vya miguu ya maboya vimeshakaa, na chini ya mkia kuna nafasi ya pezi la ziada, maana maboya huifanya pua ipende kuyumba kushoto na kulia.

Kazi yenyewe ni kutu. Chumvi ya huku hula hata bawaba za mlango, basi kila bati la alumini napaka praima ya epoksi (rangi ya kijani ya kuzuia kutu) pande zote mbili, na kila ribiti (msumari wa kuunganisha mabati) naichovya humohumo na kuigonga kabla haijakauka. Vidole vyote kijani!

Maboya mawili lazima yaweze kuelea na asilimia 180 ya uzito wa juu wa ndege. Bei yake tusiiongelee leo.