AutoCAD, SolidWorks, Fusion au FreeCAD? Mwaka wa kwanza mitambo, laptopu RAM 4

dogo_wa_mbagala: Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Niko mwaka wa kwanza uhandisi mitambo hapa Dar, kuchora kwa mkono na tii-skwea nimeshazoea ila semista ijayo tunaingia kuchora kwa kompyuta na kila ninayemuuliza anataja programu yake, huyu AutoCAD, yule SolidWorks, jana jamaa kaniambia FreeCAD ndo mpango mzima. Laptopu yangu mtumba wa Kariakoo, RAM 4, bando nanunua la wiki. Nianze na ipi nisije nikachoma bumu bure?

mkereza_gerezani: Marahaba dogo. Mi chuo sijafika, nakereza vyuma tu hapa Gerezani. Watoto wa chuo wanakuja na simu, ndani kuna picha inazunguka inang'aa kweli kweli, namuuliza hili tundu milimita ngapi, anaizungusha tena! Shafti ya 25 inaingia kwenye beringi, nataka kujua ikae kwa kugongwa au iteleze, hiyo picha haisemi. Niletee karatasi yenye vipimo. AutoCAD inatosha.

dada_toleransi: Fundi kwenye karatasi uko sahihi kaka yangu, kwenye AutoCAD tu ndo nakataa. SolidWorks, Fusion hata FreeCAD zote zinatoa karatasi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba unajenga kipande chenyewe kwanza halafu michoro inatoka humo, ukibadili pleti kutoka milimita 6 kwenda 8 mbele, juu na ubavuni vyote vinafuata. Ukichora bapa kwenye AutoCAD unarekebisha kila upande kwa mkono, ukisahau mmoja ndo fundi anakereza ule uliosahau 😂
Ila dogo kwa RAM 4 SolidWorks sahau, wenyewe wanashauri 16, na ya mwanafunzi inalipiwa kama chuo hakikupi.

kimara_mwisho: kuna mtu ana SolidWorks ya kreki kwenye flashi, elfu 10 tu

dada_toleransi: Na virusi bure juu yake. Dogo, Autodesk wanampa mwanafunzi AutoCAD na Fusion bila hela, unathibitisha uanafunzi, mwaka ukiisha unahuisha. Fusion tatizo kazi zako zinakaa mtandaoni kwao, bando likikata utanuna. Kuna na Onshape, inafunguka kwenye brauza hushushi kitu, ila ya bure kila ulichochora dunia nzima inakiona.

pleti_na_bolti: Nyie mnagombania programu, mi iliyonitia aibu ni AutoCAD hiyo hiyo kwa sababu ya templeti, lile faili la kuanzia mchoro. Nilianzia acad.dwt badala ya acadiso.dwt, ile ya kwanza ni inchi, mi nachora zangu 120 nikijua ni milimita, faili likaenda kwa wakata pleti wa leza, jamaa akanipigia: "bosi, hii ya mita tatu na ushee unatengeneza geti?" Ilikuwa kibreketi cha kushikia mota!! Na angalieni fest engo, yaani mpangilio wa mionekano kwenye karatasi, sisi mwonekano wa juu tunauweka chini ya ule wa mbele, Wamarekani wanaweka juu, programu ikiwa imesetiwa kimarekani mwalimu anakula maksi zako zote.

njiwa_wa_tandika: FreeCAD mkuu, nimeitumia kwenye kimeo kama chako. Bure moja kwa moja, haiulizi chuo wala intaneti. Zamani ilikuwa inakera, ukigusa skechi ya mwanzo, ule mchoro bapa unaojengea kipande, kona ulizoviringa zote zinavurugika, toleo 1.0 la Novemba 2024 wamepunguza sana hilo. Sura yake mbaya lakini, sikufichi. Nikiwa fildi nilikuta wanatumia AutoCAD, nikaishika ndani ya wiki mbili maana kuchora nilishajua.

dogo_wa_mbagala: Asanteni wakuu. Nimeshusha FreeCAD usiku kwa bando la usiku, imechukua kama dakika mbili kufunguka ila imefunguka. AutoCAD nitaomba ile ya mwanafunzi semista ikianza, niitumie maabara. Sasa nimechora mstatili 80 kwa 50, vipimo vyote nimeweka, mbona skechi bado nyeupe haiwi kijani?

njiwa_wa_tandika: Kijani inakuja kila kitu kikishafungwa, we vipimo umeweka lakini mstatili wenyewe bado unaelea. Shika kona moja, ifunge kwenye orijini, ile nukta ya sifuri.

dogo_wa_mbagala: Imekuwa kijani 🙌

mkereza_gerezani: tundu je?