Mjadala: Viinitete vinavyobaki kwenye kliniki za Nairobi, vitupwe au vitafitiwe?

Mwanzilishi, Buruburu:

Habari zenu wana-Nairobi. Naleta jambo ambalo tumelikwepa kwa muda mrefu. Naomba tulijadili kwa heshima, kwa sababu linagusa imani na machungu ya watu.

Tangu watoto wa kwanza waliotungwa maabarani wazaliwe hapa Kenya mwaka 2006, kliniki za uzazi zimeongezeka jijini. Utaratibu wengi mnaujua. Mama hudungwa homoni, mayai huvunwa, hurutubishwa kwa mbegu za baba kwenye kisahani yakaanza kukua kuwa viinitete, na baada ya siku chache kiinitete kimoja au viwili hupandikizwa tumboni. Vinavyobaki hugandishwa kwenye naitrojeni kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Wenzi wakishapata watoto waliowataka, au wakiachana, au ada ya kuhifadhi ikiwashinda, vingi huishia kutupwa. Hakuna anayeandamana. Lakini taja neno utafiti, utaona moto unavyowaka.

Msimamo wangu ni huu: wenzi wakiridhia kwa maandishi, viinitete hivyo viruhusiwe kutafitiwa hadi siku 14 tu tangu kutungwa, kwa leseni, na asiwepo muuzaji wala mnunuzi. Mpaka huo wa siku 14 ulipendekezwa na kamati ya mwanafalsafa Mary Warnock kule Uingereza mwaka 1984, ukawa sheria mwaka 1990. Karibu na siku hiyo ndipo unapojitokeza mstari unaoonyesha mgongo wa mtoto utakuwa upande gani. Kabla yake kiinitete bado kinaweza kugawanyika kuwa mapacha, na hakina hata seli moja ya neva. Tusiseme ni mambo ya Wazungu pekee. Sheria ya afya ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 inampa waziri mamlaka ya kuruhusu utafiti wa namna hii, kwa mpaka uleule.

Faida ipo. Seli shina za kiinitete cha binadamu, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina yoyote mwilini, zilioteshwa maabarani kwa mara ya kwanza na mtafiti James Thomson huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1998. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 12 wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka), Marekani na Kanada, waliopandikizwa kwenye ubongo seli za neva zilizotokana na seli shina za kiinitete. Lilikuwa jaribio la usalama tu, bado si tiba iliyothibitishwa, ila madhara makubwa yaliyohofiwa hayakuonekana. Kinachoniuma zaidi ni mimba zinazoharibika mapema. Mama anaambiwa "jaribu tena" na hakuna anayeweza kumweleza kilichotokea, kwa sababu wiki hizo za mwanzo ndizo sayansi inazijua kwa uchache mno.

Nesi wa Zamu, Kangemi:

Ndugu yangu, mimi ni Mkatoliki na ni muuguzi, na napinga kwa moyo wote. Hoja ya kwamba "vitatupwa hata hivyo" inanitisha. Mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa naye atakufa hata hivyo. Je, tumtoe figo kabla? Uovu mmoja hauhalalishi wa pili. Kanisa lilisema wazi katika waraka wa mwaka 2008 kuhusu hadhi ya mtu: kiinitete kitendewe kama mtu tangu mwanzo.

Na huo mpaka wa siku 14 mnaousifu uliheshimiwa kwa sababu rahisi, kwamba hakuna aliyeweza kuufikia. Mwaka 2016 maabara za Cambridge na New York zilipofaulu kukuza viinitete hadi siku ya 13, papo hapo wakaanza kusema siku 14 ni chache. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina kikauondoa mpaka huo kwenye orodha ya yaliyokatazwa kabisa. Mwaka 2024 wasimamizi wa Uingereza wakapendekeza siku 28. Leo mnaomba shubiri, kesho mtataka pima.

Isitoshe, njia nyingine ipo. Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha seli za kawaida kwenye hali ya seli shina, za panya mwaka 2006, za binadamu mwaka 2007, akapata Nobeli mwaka 2012. Hakuharibu kiinitete cha binadamu hata kimoja. Kwa nini tusishike njia hiyo?

Mwanzilishi, Buruburu:

Dada, umezungumza mazito. Hiyo ya mpaka kusogezwa nimeitafakari, na sitaipuuza: kama sheria yetu itaandikwa, siku 14 ziandikwe ndani ya sheria yenyewe, wala zisiachwe kwenye kanuni ambazo waziri anaweza kuzibadilisha kwa saini yake.

Kuhusu Yamanaka, nami namheshimu. Mwaka huohuo wa 2025 watafiti wa Kyoto walichapisha matokeo ya wagonjwa saba wa Parkinson waliotibiwa kwa seli za njia yake. Lakini Yamanaka alijuaje jeni zipi azijaribu? Alianza na zile zilizokwisha kuonekana zikifanya kazi kwenye seli shina za kiinitete. Njia safi ilijengwa juu ya ile unayoikataa. Hata mifano inayoiga viinitete, iliyotengenezwa kwa seli shina mwaka 2023 katika Taasisi ya Weizmann ya Israeli, bila yai wala mbegu, lazima ilinganishwe na kiinitete halisi ili tujue kama inasema kweli.

Swali langu kwako: je, ungefunga kliniki zenyewe?

Nesi wa Zamu, Kangemi:

Ningezuia kutengeneza viinitete zaidi ya vile vitakavyopandikizwa. Italia walitunga sheria hiyo mwaka 2004: visizidi vitatu, na vyote virudishwe kwa mama.

Mwanzilishi, Buruburu:

Na mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Italia ikakifuta kikomo hicho kwa kuzingatia afya ya mama. Mwanamke ambaye mayai yake ni dhaifu alilazimika kurudia kudungwa homoni na kuvunwa tena na tena, au kubeba mimba ya watoto watatu kwa mpigo. Tazama Ujerumani nayo. Inakataza kuvunja kiinitete ili kupata seli shina, ila tangu 2002 inaruhusu seli za namna hiyo kuagizwa kutoka nje kwa masharti. Mikono yao safi, kazi ameifanya jirani. Sitaki Kenya ije kununua tiba ambayo ilikataa kuifanyia utafiti, tena tiba iliyopimwa kwa miili ya watu wengine. Mistari mingi ya seli shina za kiinitete (yaani seli zinazoendelea kuoteshwa maabarani kutoka kiinitete kimoja) iliyopo duniani imetokana na watu wenye asili ya Ulaya. Seli za kupandikiza zisipolingana na mwili wa mgonjwa, mwili huzikataa. Mgonjwa wa Kisumu au Lamu atalinganishwa na nani?

Abu Salim, Eastleigh:

Assalaam aleikum. Naongezea la upande wetu, maana watu hudhani dini zote zinasema neno moja. Katika hadithi mashuhuri, roho hupulizwa baada ya vipindi vitatu vya siku arubaini, yaani siku 120. Kwa msingi huo wanazuoni wengi wameruhusu kutumia viinitete vilivyobaki kutokana na matibabu ya mume na mke. Iran, kwa mfano, imekuwa ikifanya utafiti huu kwa fatwa. Lakini sharti la mume na mke halilegezwi. Mayai ya mwanamke wa nje na mbegu za mtu asiyejulikana zinavuruga nasaba. Kama sheria itaruhusu kutungisha viinitete vipya kwa ajili ya maabara tu, msitutafute.

Mama Wawili, Kayole:

Mimi sijasoma sayansi. Nina mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu. Mnabishana kuhusu siku 14, mimi nahesabu usiku ambao hakulia. Mwaka jana nilitumiwa tangazo kwenye simu, kliniki fulani, sitaitaja, inasema inatibu selimundu, kisukari na maumivu ya mgongo kwa "seli shina za kisasa". Malipo kwanza. Nilikaribia kuuza kiplot cha Busia. Ni daktari wa mtoto aliyenizuia. Kwa hiyo mkitunga sheria, mwanzie hapo.

Mwanzilishi, Buruburu:

Pole sana, mama, na Mungu amsaidie mtoto. Unalosema linapaswa kuwa kifungu cha kwanza. Tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, Casgevy, haihusiani na viinitete kabisa. Seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa, jeni hurekebishwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uboho, ndipo zinarudishwa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi milioni 280. Nyingine iliyozoeleka ni kupandikizwa uboho wa ndugu anayelingana. Anayekuambia anafanya hayo kwa sindano moja mchana mmoja anakuibia, na pengine atakuumiza. Kule Florida mwaka 2015 wanawake watatu walidungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, wakalipa dola 5,000 kila mmoja, wakapoteza uwezo wa kuona. Bodi ya Dawa na Sumu iwafuate watu wa namna hii kabla hawajamaliza wazazi wetu.

Mwanafunzi wa Sheria, Parklands:

Mnasahau Katiba. Kifungu cha 26 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Swali ni kama mimba imetungwa kwenye kisahani au pale kiinitete kinapojishikiza tumboni. Mahakama za nje zimegawanyika. Mahakama ya Juu ya Ireland mwaka 2009 ilisema kiinitete kilichogandishwa hakihesabiwi kuwa mtoto anayelindwa na katiba yao. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, katika kesi ya Costa Rica ya 2012, ilihesabu kuanzia kujishikiza tumboni. Mahakama ya Juu ya jimbo la Alabama, Marekani, Februari 2024, ikaenda kinyume: viinitete vilivyogandishwa ni watoto. Kliniki zikasimamisha huduma, na mwezi uliofuata bunge la jimbo likalazimika kuzikinga dhidi ya mashtaka.

Hapa kwetu Mheshimiwa Millie Odhiambo amepigania muswada wa teknolojia ya uzazi kwa zaidi ya muhula mmoja. Bila jibu la Kifungu cha 26, atakayepewa leseni ya utafiti ataburutwa mahakamani Milimani siku ya pili. Mimi naunga mkono utafiti, ila naona tuombe kwanza Mahakama Kuu ikitafsiri kifungu hicho.

Kijana wa Roysambu:

Na mayai yatatoka wapi vikiisha vilivyobaki? Msichana wa chuo mwenye deni la karo ndiye atakayefuatwa.

Mwanzilishi, Buruburu:

Ndiyo maana nilisema vilivyobaki tu. Kutungisha kiinitete kwa ajili ya utafiti kuwe kosa la jinai, na kumlipa msichana kwa mayai ya maabara vilevile. Vikiisha, utafiti usimame.

Nesi wa Zamu, Kangemi:

Bado napinga. Lakini kama mtanishinda Bungeni, nijibuni hili, kwa sababu nimesimama kando ya vitanda hivyo. Hiyo ridhaa mtaichukua lini? Mama aliyelala akisubiri kuvunwa mayai, tumbo limevimba kwa homoni, mume ameshikilia risiti, atasaini chochote mtakachomwekea.

Mwanzilishi, Buruburu:

Isichukuliwe siku hiyo, wala na daktari anayemtibu. Iombwe baada ya wenzi kuamua wenyewe kwamba hawahitaji tena vilivyobaki. Mshauri asiyelipwa na kliniki awaeleze kwa lugha wanayoielewa, wapewe wiki kadhaa za kufikiri, na waweze kubatilisha hadi siku vinapoyeyushwa. Wewe ungeongeza nini?

Nesi wa Zamu, Kangemi:

Kwamba akikataa, asitozwe ada zaidi. Na muuguzi mmoja wa wodi awe na kura kwenye kamati ya maadili.