MREJESHO: Nilimlipa yule kocha wa maisha na kazi

Wakuu, salaam. Mwaka jana mwezi wa nane niliuliza kama ni akili kumlipa kocha laki moja na nusu kwa mwezi, wakati nimekwama miaka sita kwenye meza ileile ya uhasibu. Wengi mlisema napigwa. Nikaenda hivyohivyo.

Nilitarajia makelele ya "unaweza!" Wapi! Dada wa watu alinipa daftari, niandike kila saa yangu inakokwenda, wiki mbili. Niliona ananichezea. Siku ya kulifungua akaweka kidole kwenye mstari wa saa tatu hadi saa sita usiku: "simu", "simu", "simu", siku kumi mfululizo. Hakusema neno. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya hapo ni maswali tu: unataka nini, uko wapi sasa, njia zipo zipi, utafanya nini kabla ya Jumatatu. (Kumbe ni mtindo wa siku nyingi, unaitwa GROW.) Ile CPA, mitihani ya uhasibu ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi), niliyoitelekeza nikaifufua. Novemba nimefanya masomo mawili. Moja limepita, jingine limenirudisha.

Mshahara bado uleule. Bosi nimemwomba anihamishie ukaguzi wa ndani, kajibu "tutaona".

Aliyeuliza kama kocha anatibu msongo: hapana. Nilipoanza kulia kuhusu marehemu baba, mwenyewe alinielekeza kwa mshauri nasaha.

Miezi mitatu ilinitosha, nimeacha kulipa. Daftari naendelea nalo, ila Jumapili sijazi.